Karamu ya Kikorea katika Chumba cha Kukunjia

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Anayejaribu peke yake huishia kulikumbatia kama mlevi aliyekumbatia nguzo, na upande mmoja lazima uburutike sakafuni. Wanatakiwa wawili. Kila mmoja ashike pembe mbili, warudi nyuma mpaka kitambaa kikaze, wakikung'ute mara moja hewani, halafu waendeane, mmoja ampokee mwenzake pembe zake, kisha warudi nyuma tena. Mashuka mia tatu kwa siku ni kuendeana na kuachana kutwa nzima. Watu wawili wakifanya hivyo miaka miwili, moja kati ya mawili lazima litokee: watachukiana au watapendana.

Bi Mnyoofu na Kinda walipendana.

Bi Mnyoofu ndiye msimamizi wa chumba cha kukunjia katika kiwanda cha kufulia nguo za hoteli na hospitali. Jina hilo alipewa na wafanyakazi kwa sababu hapendi kitu kilichopinda, kiwe shuka, foleni au maelezo. Ana miaka hamsini na sita, ni mjane, hakujaliwa mtoto, na anaishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, katika nyumba ambayo hata matambara ya jikoni yamekunjwa mara nne. Kinda aliitwa Kinda kwa kuwa ndiye mdogo kuliko wote pale kazini. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu, na tangu wiki ya pili ya kazi alikuwa akimwita Bi Mnyoofu "mama mdogo," bila kuomba ruhusa, nayo ruhusa haikuhitajika.

Kinda alikuwa na wazimu wake mmoja, nao ni Kikorea. Alianza na tamthilia, kama wengi, lakini wengi huishia kwenye kulia na kuiga mitindo ya nywele. Yeye alitaka kujua wanasema nini kabla ya maandishi ya chini hayajatokea. Akapata kitabu kilichochakaa, akafungua daftari, akaanza kukunja mashuka huku akinong'ona. Bi Mnyoofu, bila kutaka, akajikuta anaweza kuhesabu mpaka kumi. Akajua pia kwamba Wakorea wana neno la kumwambia mtu uliyemkuta kazini, linalokaribiana sana na "pole na kazi" yetu, jambo ambalo lugha nyingi kubwa za dunia, pamoja na ukubwa wake, hazinalo. Neno hilo lilimpendeza. Alisema watu wenye neno kama hilo hawawezi kuwa wabaya wote.

Halafu ikaja Jumatatu moja mbaya. Hospitali ilirudisha mafungu ya mashuka kwa sababu mengine yalikuwa na mashuka kumi na mengine kumi na moja, na aliyeyafunga ni Kinda, akinong'ona. Bi Mnyoofu alitaka kumkemea kidogo tu, kwa sauti ya kawaida ya pale, ambayo ni ya kupigana na kelele za mashine. Bahati mbaya umeme ulikatika alipofungua kinywa. Mashine zote zikanyamaza kwa pamoja, na maneno yake yakasikika mpaka kwenye mlango wa kupakilia mizigo.

"Acha ndoto za televisheni, kunja shuka. Hao Wakorea wako hawajui hata kama umezaliwa."

Kinda alimtazama. "Sawa, Bi Msimamizi," akasema.

Kesho yake akaomba ahamie kwenye taulo. Taulo hukunjwa na mtu mmoja.

Wiki tatu zikapita hivyo. Kinda alikaa kwenye pembe ya mbali, mgongo kwa watu, akikunja taulo. Ikilia filimbi ya kutoka alikuwa wa kwanza getini. Salamu alitoa, lakini ile "mama mdogo" haikuonekana tena. Ulimi umeponza kichwa, Bi Mnyoofu alijiambia kila usiku, na kila asubuhi alikwenda kazini akiwa na nia ya kuomba radhi, na kila jioni alirudi nayo ikiwa nzima kama alivyoichukua. Hakuwa amejifunza kazi hiyo. Katika ndoa ya miaka ishirini na sita aliomba radhi kwa kumchemshia mumewe maji ya kuoga, na mume, mtu mwelewa, aliyaoga bila kuuliza.

Wazo la karamu lilitoka kwa Karani, yule anayeandika lebo za mizigo inayoingia na kutoka. Karani alikuwa ametazama tamthilia za Kikorea kwa siri miaka mitano, mpaka siku moja akamlilia malkia fulani mbele za watu wakati wa chakula cha mchana, siri ikaisha. Ndiye aliyefungua jalada la wafanyakazi akaona kwamba Jumamosi ile Kinda anatimiza miaka.

"Tumfanyie karamu ya Kikorea ya kushtukiza," alisema. "Hapo huombi radhi kwa mdomo. Karamu inaomba kwa niaba yako."

Bi Mnyoofu aliona hilo ni jambo la busara. Alikuja kulijutia kabla hata kikao cha kwanza hakijaisha.

Kikao chenyewe kilifanyika Jumatano, kwenye benchi la nyuma ya kiwanda, karibu na tangi la maji ya moto. Walikuwa wanne: yeye, Karani, Dereva wa gari la mizigo, na wifi yake, ambaye ni mpishi wa shule na alikuwa ameitwa kwa ajili ya ujuzi wa jikoni.

"Kwanza tukubaliane," alisema Karani, kalamu mkononi. "Anatimiza miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili," alisema Bi Mnyoofu. "Umeisoma mwenyewe kwenye jalada."

"Hiyo ni kwetu. Kwa hesabu ya zamani ya Wakorea ana zaidi. Kule mtoto akizaliwa tu anahesabiwa ana mwaka mmoja."

"Mwaka huo kaupata wapi?" aliuliza wifi.

"Tumboni, mama."

"Basi wanaume wa huko wana adabu. Huku unabeba mimba miezi yote hiyo, mwanamume anaanza kuhesabu siku aliyonunua beseni."

Dereva akacheka mpaka akakohoa. Karani akasema jambo hilo ni zito, kwa sababu litaamua namba ya juu ya keki. Dereva akasema kwa maoni yake msichana hapendi kuongezewa umri hata na Wakorea. Wakabishana dakika kumi za saa ya chakula, ambayo ni dakika arobaini.

"Karani," alisema Bi Mnyoofu, "keki ni ya kuliwa, si ya sensa. Haitakuwa na namba. Endelea."

"Supu," alisema Karani. "Siku ya kuzaliwa Mkorea lazima apate supu ya mwani. Mama akijifungua ndiyo anayonyweshwa kurudisha nguvu. Kwa hiyo kila mwaka mtoto anainywa, kukumbuka uchungu wa mamaye."

Bi Mnyoofu alitazama mikono yake, ambayo miaka ya mvuke na sabuni ilikuwa imeifanya ing'ae kama ya mtu mwingine.

"Hiyo lazima iwepo," alisema.

"Mwani si ndio ule wanaotengenezea sabuni?" aliuliza Dereva.

"Huohuo, au ndugu yake," alisema Bi Mnyoofu. "Wewe utautafuta. Kuna duka linalouza vyakula vya ng'ambo, karibu na benki."

"Dada, mimi nikiingia duka kama lile wananiangalia kama nimekuja kuzibua choo."

"Basi ingia haraka, utoke haraka."

Kazi nyingine ikagawanywa. Karani angetengeneza pazia la ukutani lenye salamu kwa Kikorea. Wifi angepika. Dereva, mwani ukishapatikana, angemleta Kinda Jumamosi alasiri baada ya kazi kufungwa. Kinda mwenyewe alikuwa ameomba ruhusa ya Jumamosi ile, kwa fomu, si kwa mdomo, na mahali pa sababu alikuwa ameandika "binafsi." Bi Mnyoofu aliisaini kama mtu anayesaini talaka. Hata siku yake ya kuzaliwa hataki kuiona sura yangu, aliwaza.

Manahodha wengi, waliosema walisema, chombo huenda mrama. Hapa manahodha walikuwa watatu, naye Bi Mnyoofu aliyekuwa akikimbia toka usukani hadi usukani, na chombo chenyewe kilikuwa sufuria.

Jumamosi saa nne asubuhi simu ilimkuta juu ya ngazi.

"Wifi," sauti ilisema, "huu mwani unafufuka."

"Unafufuka vipi?"

"Pakiti nne alizoleta Dereva nimeziloweka. Ulikuwa mkavu, mwembamba, unatia huruma, nikasema huu hautamshibisha hata paka. Sasa umejaa beseni. Nimepunguzia kwenye ndoo, ndoo imejaa. Nimeuhamishia kwenye karai lako la kufulia, na bado unakuja."

"Umeloweka pakiti zote nne? Sisi tuko kumi na wawili."

"Wifi, mimi napikia watoto mia nne. Sijui kupika kidogo. Ningejua kupika kidogo ningeolewa tena."

Bi Mnyoofu alishuka ngazi, akapumua, akapanda tena. Hapo juu alikuwa akinyoosha pazia la Karani. Shuka lenyewe halikuwa tatizo: lilikuwa moja ya yale yaliyostaafu, yaliyochanika kidogo yasirudishwe hotelini, jeupe, limetiwa wanga na kupigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Walikuwa wameyatundika mengine kama hayo ukuta mzima, kwa sababu watu hupamba kwa walicho nacho, na wao walichokuwa nacho ni mashuka. Katikati Karani alikuwa ameandika jina la Kinda, lile la shule, majina yote matatu, kwa wino wa kiwanda wa kutilia alama, ule mwekundu usiotoka hata uchemshwe. Juu yake kulikuwa na salamu ya kuzaliwa kwa herufi za Kikorea, aliyoinakili kutoka simuni kwa siku mbili, ulimi nje. Chini pakabaki wazi, akapajaza.

"Na hii ya chini ni nini?" aliuliza Bi Mnyoofu.

"Mapambo. Nimenakili kwenye pakiti ya mwani. Herufi zao nzuri, nikaona isiwe hasara."

"Imepinda upande wa kulia."

"Ndivyo zilivyo."

"Karani, hakuna watu wanaoandika kwa kupinda kwa makusudi."

Akalishusha pazia, akalitundika upya. Lilipokaa sawa, akagundua kwamba ukuta ndio umepinda. Alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na saba bila kujua hilo, na kulijua siku hiyo hakukumsaidia kitu.

Saa tisa mashine zilizimwa. Wifi aliingia na Dereva wakiwa wamebeba sufuria la shule, lile la vishikio viwili vya chuma ubavuni, limejaa supu ya kijani iliyokoza, yenye majani mapana yanayoelea na kuzama kama yana mawazo yao. Harufu ilikuwa nzuri, hakuna aliyeweza kukataa. Keki ikawekwa juu ya meza ya kukunjia. Wafanyakazi wanane waliokubali kubaki wakajipanga nyuma ya matoroli, wakibishana nani ana tumbo kubwa la kuharibu maficho.

"Sasa nenda kamlete," Bi Mnyoofu alimwambia Dereva. "Unakumbuka la kumwambia?"

"Ufunguo wa kabati la taulo umepotea, anahitajika yeye."

"Hilohilo. Usiongeze neno."

Gari lilirudi baada ya nusu saa. Kupitia dirishani alimwona Kinda akiteremka. Alikuwa amevaa kandambili za nyumbani na kanga begani, penseli imechomekwa kwenye nywele, daftari kwapani. Alifunga mlango wa gari kwa nguvu ambayo hakuna mtu anayetumia akiwa anakwenda kutafuta ufunguo. Nyuma yake Dereva alikuwa akipiga ishara kwa mikono miwili, ishara ambazo hazikuwa na maana katika lugha yoyote.

Kinda aliingia na kusimama katikati ya chumba, akaongea kabla mtu hajaruka.

"Bi Msimamizi, yako wapi hayo mashuka mia mbili niliyoyaharibu? Kwa sababu nimekunja taulo wiki tatu. Shuka sijaligusa."

Kisha watu, kwa kuwa ndivyo walivyoelekezwa, wakaanza kutoka nyuma ya matoroli mmoja mmoja na kusema heri ya kuzaliwa, kila mtu kwa wakati wake, wifi akiwa wa mwisho, upawa mkononi.

Bi Mnyoofu alimgeukia Dereva. "Nilikuambia useme ufunguo."

"Nilisema. Akanipa."

"Akakupa?"

"Huu hapa. Alikuwa nao kweli. Sasa ningemwambia nini? Nikatafuta jingine palepale mlangoni."

"Katika maneno yote ya dunia ukapata hilo."

"Dada, nilikuwa nimesimama na ufunguo mkononi kama mjinga."

Kinda hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa akiutazama ukuta: weupe wote ule, na katikati jina lake, jekundu kama kidonda.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa," alisema Karani, akijitokeza. "Hiyo ni karamu ya Kikorea. Yako."

"Karani, Wakorea hawaandiki jina la mtu aliye hai kwa wino mwekundu. Ni mkosi. Jina jekundu ni la marehemu."

"Katika tamthilia zangu za wafalme—"

"Katika tamthilia zako wanaandika kwa damu." Akasogea karibu, akasoma ule mstari wa chini, midomo ikicheza polepole. "'Loweka kwa maji baridi dakika ishirini. Usizidishe kiasi.'"

Wote walimtazama wifi. Wifi alitazama dari.

Mtu mmoja akacheka, kisha wawili, na kona ya mdomo wa Kinda ikaanza kulegea. Ingeweza kuishia hapo, vizuri. Lakini Bi Mnyoofu, aliyeona mwanya, hakusubiri upanuke. Alikwenda kwenye sufuria, akachota bakuli la kwanza kwa mkono wake mwenyewe, majani mengi, mchuzi wa kutosha, akalileta kwa mikono miwili kama alivyoelekezwa na Karani.

"Haya. Hilo la ukuta tusamehe. Hii ni supu ya mwani. Kunywa."

Kinda alirudi nyuma hatua moja.

"Siwezi."

"Ni moto? Ngoja ipoe."

"Hapana. Leo siwezi. Samahani, jamani. Siku nyingine yoyote."

Kuna kiwango cha maji ambacho bwawa hukivumilia, na tone moja baada ya hapo. Bi Mnyoofu aliweka bakuli juu ya meza, taratibu, kwa sababu hata akiwa na hasira hamwagi kitu.

"Siku nyingine yoyote," alisema. "Siku ya kuzaliwa ina siku nyingine? Wifi yangu kaamka saa kumi na moja. Karai langu la kufulia limejaa majani mpaka sasa hivi. Karani hajala siku mbili anachora vijiti na viduara. Mimi nimepanda ngazi ile mara tisa, na nina goti bovu. Kama unatususia, sema unatususia. Kama ni mimi, sema ni mimi, hawa hawana kosa. Lakini usisimame hapo na kandambili ukaniambia siku nyingine."

"Kesho nina mtihani," alisema Kinda.

"Mtihani gani?"

"Wa Kikorea. Wa serikali yao. Saa tatu asubuhi. Mwani unateleza, mama mdogo. Anayeunywa kabla ya mtihani anateleza naye. Huko hata mtoto wa chekechea anajua, siku ya mtihani hawaugusi. Sisemi naamini. Ila nimesoma miezi minne, na sitaki kuanza kutoamini leo."

Karani alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Niliiona hiyo. Kuna kijana aliisukuma supu ya mamaye pembeni. Mimi nikadhani imetiwa sumu."

"Miezi minne," alisema Bi Mnyoofu. "Na hukuniambia."

"Nilikuwa nakuja kukwambia. Jumatatu ile. Barua ya kukubaliwa kuufanya nilikuwa nayo mfukoni, ndiyo maana hata mashuka sikuyahesabu vizuri. Halafu ukasema lile neno. Nikasema basi, nitakwenda kumwambia nikiwa na majibu."

"Ndiyo umeninunia wiki tatu nzima."

Kinda alishangaa waziwazi. "Nilikasirika siku moja. Hiyo Jumatatu. Jumanne ilishaisha."

"Na taulo?"

"Taulo unaweza kuegemeza daftari pembeni ukasoma. Shuka linataka mikono miwili na macho. Na wewe pia unanikatiza, kila dakika unaniuliza nani kwenye tamthilia aliishia wapi."

"Na 'Bi Msimamizi'?"

Hapo Kinda akatazama kandambili zake. "Hiyo ilikuwa makusudi. Kidogo."

Bi Mnyoofu aliketi juu ya toroli la kwanza alilolikuta. Wiki tatu za kukosa usingizi, karamu, mwani uliofufuka, ukuta uliopinda, yote hayo kwa ajili ya hasira iliyodumu kutoka asubuhi ya Jumatatu mpaka jioni yake. Alijisikia kama mtu aliyebeba mlango mgongoni mji mzima kuutafutia mwenyewe, na kuambiwa kwamba nyumba haikuwahi kukosa mlango. Alimkasirikia Karani, na Dereva, na wifi, kwa zamu, kila mmoja alimpa sehemu yake ya jicho. Zamu zilipoisha akabaki yeye mwenyewe. Na neno lile lilikuwa bado lipo, halijafutika. Hasira ya msichana iliisha siku moja, lakini barua ilikaa mfukoni wiki tatu.

"Siku ile mashine zilikuwa zimezimika," alisema, "watu wote wakanisikia. Leo nazo zimezimwa. Nilikosea. Sikupaswa kusema vile."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Wifi, aliyemjua miaka thelathini, aliweka upawa chini.

"Ukifaulu inakuwaje?" aliendelea Bi Mnyoofu, haraka, kwa sauti yake ya kazini, ili lile la kwanza lisikae sana hewani.

"Kuna chuo kimoja huko. Nimeomba nafasi ya kusomea ukalimani. Miaka minne."

"Minne ya kwetu au ya Karani?"

"Ya kwetu."

Alipiga hesabu. Angekuwa na miaka sitini, umri wa kustaafu, na mpaka hapo mashuka ya mji huu angeyakunja na nani, hakujua.

"Na ukifeli?"

"Nitafanya tena mwakani."

"Usifeli," alisema Bi Mnyoofu. "Mimi haya siwezi kuyapitia mara mbili."

Kisha akasimama, na kwa dakika tano chumba kikarudi mikononi mwake. Sufuria litoke nje uani, waliojitolea kunywa wanywe huko, na wasipige kelele. Keki ikatwe, kipande kimoja kibaki. Karani ashushe pazia lake na asilikunje peke yake, atalikunja vibaya. Dereva awashe gari saa kumi na mbili kamili amrudishe mtoto nyumbani, na kesho asubuhi saa mbili awe mlangoni kwake, na njiani asiseme neno hata moja.

"Hata salamu?"

"Salamu moja."

Wifi alipita mbele ya Kinda na bakuli lililokataliwa. "Mwanangu, nimepika miaka ishirini, wewe si wa kwanza kukataa chakula changu," alisema. "Ila ndiwe wa kwanza kuja na sababu." Akatoka akiinywa mwenyewe, kwa kufyonza kulikosikika mpaka uani.

Wakabaki wawili. Kinda alikaa juu ya rundo la mashuka safi, jambo lisiloruhusiwa, na Bi Mnyoofu akakaa kando yake. Akanyoosha mkono, akachukua daftari. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili, kushoto zile herufi za vijiti na viduara, kulia Kiswahili, kwa mwandiko mdogo wa mtu anayebana karatasi.

"Unakosea wapi?"

"Kurasa za mwisho. Bado hazijakaa."

"Mimi nasoma huku kulia, wewe unasema."

"Lakini mama mdogo, hutajua kama nimepatia."

"Nimekusikiliza miaka miwili. Nitajua."

Akavaa miwani. Akasoma: dirisha. Kinda akajibu. Ratiba. Akajibu. Mkutano, mvua ya rasharasha, ngazi, kodi ya nyumba. Kinda alijibu upesi, sauti tambarare, na Bi Mnyoofu akahisi jambo ambalo hakulitegemea: kila neno lililotoka sawasawa lilikuwa hatua moja ya kurudi nyuma, msichana anakwenda na pembe zake mbili mkononi, na hakuna wa kumwita aje. Alijikuta akitamani neno moja, moja tu, limshinde. Tamaa hiyo ilimuudhi kuliko yote yaliyotokea siku ile. Akaketi wima, akafungua ukurasa ulioandikwa mwandiko wa haraka kuliko kurasa zote, wa mtu aliyekuwa amechoka.

"Jirani," alisoma.

Kinda alisita, akatazama dari, akasema neno.

"Umebahatisha hilo," alisema Bi Mnyoofu. "Tena."